Kijiti Juu ya Nyumba ya Ubatizo

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Hilo nalisema mapema ili tuelewane. Nimeona paa zima likinyanyuliwa na upepo kule Fort Ternan, likatua katikati ya miwa ya jirani, na jirani akadai kodi. Nimeona mvua ya mawe ikitoboa mabati membamba, yale ya bei ya kudanganya ambayo dukani kwangu hayaingii. Nimeona mtu akiuza ng'ombe wake wa mwisho ili paa lake liwe jekundu kama la shemeji yake, kisha akaja kuniomba mimi maziwa. Niliacha shule darasa la tano, na leo ukisimama karibu na kiwanda cha Mogogosiek ukatazama mabonde yale ya chai, kila paa unaloliona liking'aa, kama halikutoka kwangu basi fundi wake alifundishwa na fundi wangu. Watu wananiita Mabati. Jina la ubatizo ninalo, lakini ukilitaja sokoni hakuna atakayegeuka, hata mimi.

Basi mwaka jana binti yangu wa pili, yule anayefanya kazi benki, akaniambia harusi yake itakuwa Kericho mjini, kwenye lile kanisa la mawe lililo mlimani. Sikubishana. Pesa ninayo, na kanisa hilo nililijua kabla yeye hajazaliwa. Hata wewe, rafiki yangu, unalijua, hata kama hujawahi kukanyaga Kericho, kwa sababu limekuwa kwenye kalenda za maduka tangu tukiwa watoto: kuta za mawe ya kijivu, mnara wa kengele uliosimama peke yake kama mtu aliyekosana na wenzake, ukumbi wenye matao, na pembeni ile nyumba ya mviringo ya kubatizia watu, paa lake la vigae vya mbao limechongoka juu kama nyumba zetu za zamani. Wageni wanatoka mbali kulipiga picha.

Tulipofika ndani ya geti binti yangu akaanza kunionyesha mahali pa maua, mahali pa hema, mahali pa keki. Mimi nikatazama juu, kwenye ncha ya lile paa la mviringo, kama ninavyofanya kila nikipita pale. Palikuwa na kofia ya bati, laini, imekaa kama kifuniko cha birika. Hakuna kingine.

"Nani amekufa?" nikauliza.

"Wapi, Baba?"

"Hapa. Nani amekufa hapa?"

Akatazama kushoto, akatazama kulia, akashusha sauti. "Baba, tafadhali. Watu wa kamati wako pale."

Nikakaa kwenye ngazi za kanisa. Mimi Mabati, na suti yangu, nikakaa chini.

Ili ujue kwa nini, itabidi twende Boito. Nililelewa huko na nyanya yangu, mama yake baba. Kwetu tunasema Kogo. Nyumba yake ilikuwa ya mviringo, kuta za udongo, paa la nyasi, na ndani moshi wa miaka mingi ulikuwa umepaka kila kitu rangi ya kahawia iliyong'aa kama kiatu cha chifu. Harufu ya nyumba hiyo ninayo mpaka leo. Ilikuwa ya moshi, na kibuyu cha mursik, maziwa yale ya kugandisha na mkaa, na nyasi mbichi kwenye magunia tuliyobebea majani ya chai. Asubuhi uji wa wimbi, jioni kimyet, yaani ugali wa wimbi mweusi, na mboga ya isagek iliyochachushwa kwa maziwa mpaka uchungu wake ukawa utamu. Watoto wangu wakila isagek siku hizi wanakunja uso. Ni shauri yao.

Kazi yangu ilikuwa kumfuata Kogo kwenye mistari ya chai yake kule chini karibu na mto. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Ukichuna jani gumu alikugonga kidole bila hata kugeuka. Adhuhuri king'ora cha kiwanda kililia, na baada ya hapo mvua ikaja. Mvua ya Boito ilikuwa na adabu. Ilipiga hodi kwanza: uliisikia ikitembea juu ya chai ng'ambo ya bonde, ukapata nafasi ya kukimbia. Na ukishaingia ndani hukuisikia tena, kwa sababu paa la nyasi halina kelele. Mvua ilinong'ona tu, na Kogo akawasha moto.

Juu kabisa, katikati ya paa, kulitokeza kijiti. Wazee walikiita kimonjokut. Hakikuwa urembo. Kijiti kile kilimwambia mpita njia kwamba mwenye nyumba yuko, anapumua. Mwanamume akifa, kinang'olewa, na mtu yeyote anayepita mbali barabarani anajua bila kuuliza.

Babu yangu alipokufa, kaka yake mkubwa, mzee wa boma la juu, alipanda akaking'oa. Ilikuwa desturi na hakuna aliyenung'unika. Manung'uniko yalikuja baadaye. Baba yangu mwenyewe alikuwa ametangulia, na ndani ya nyumba ile tulibaki Kogo na mimi, mtoto wa miaka kama tisa. Matanga hayajapoa, mzee wa boma la juu akaanza kuleta wachunaji wake kwenye chai yetu ya mtoni.

"Pumzika, mke wa ndugu yangu," alimwambia Kogo, kwa upole kabisa. "Umechoka. Hiyo chai tutaichuna sisi."

"Nani amewaambia nimechoka?"

"Angalia juu ya nyumba yako. Nyumba isiyo na kijiti haina mwenyewe. Isiyo na mwenyewe ni ya ukoo."

Nataka uelewe jambo hilo vizuri. Chai ile ya mtoni ndiyo iliyotulisha. Ikichukuliwa, Kogo angekuwa mgeni wa kupewa chakula kwenye boma la mtu mwingine, na mimi ningekuwa mchungaji wa ng'ombe wao mpaka ndevu ziote. Wanawake majirani walimhurumia, wakamwambia avumilie. Kogo hakuwa mtu wa kuvumilia. Alifunga leso yake nzuri, akajaza mursik kwenye kibuyu kidogo, akafunga kimyet kwenye jani la mgomba, akasema, "Weri, twende Kericho." Weri ni kijana. Siku hizo mambo yote ya ardhi yetu yaliamuliwa Kericho.

Tulipanda lori la mbao, juu ya mbao zenyewe. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia harufu ya mwerezi uliokatwa, na ninakuambia, kuna watu wanaokumbuka msichana wao wa kwanza, mimi nakumbuka lori lile.

Ofisini karani alituambia mkubwa ameenda kula, turudi alasiri. Tukatembea tu mjini bila kazi. Mvua ya mawe ikatukuta mlimani, hiyo haikupiga hodi, na tukakimbilia chini ya matao ya ukumbi wa kanisa. Mawe yalikuwa yakiruka kwenye lami kama mahindi kwenye sufuria. Pale mataoni palikuwa na mzee mrefu, mweusi sana, na funguo nyingi kiunoni. Alikuwa mtu wa kutoka ziwani. Alikuja Kericho ujanani kufanya kazi kiwandani, akaishia kulitunza kanisa lile.

"Mama, hapo mtalowa. Ingieni ndani."

"Miguu yetu ina matope," Kogo akasema.

"Hii nyumba imeona matope. Na ya wakubwa pia."

Kwanza akatuonyesha mlango. Mlango wenyewe ulikuwa wa mwerezi, mrefu kuliko nyumba yetu, umechongwa vipande vipande, kila kipande na picha yake. Kulikuwa na mwanamke na kikapu cha chai mgongoni. Kulikuwa na mizinga ya nyuki. Mzee akaweka kidole kwenye samaki.

"Huyu ni wa kwetu."

Kogo akapapasa ng'ombe. "Na huyu ni wa kwetu. Lakini aliyemchonga hakuwahi kukama. Nahesabu chuchu tatu."

"Ya nne iko upande wa ndani, Mama. Huwezi kuiona ukiwa nje."

"Basi ni ng'ombe wa Mungu. Ng'ombe wetu hafichi chuchu."

Wakacheka wote wawili. Ndani kulikuwa baridi na kimya, na mvua ya mawe ilisikika kama iko nchi nyingine. Sakafu ilikuwa ya vigae vyekundu na vyeusi, nikawa naruka vyekundu tu mpaka Kogo akanishika sikio. Kwenye mawe ya ukuta mzee alinionyesha alama ndogo za patasi: hapa nyota, hapa kama unyayo wa kuku, hapa mistari miwili. Kila fundi alikuwa na alama yake, akasema, na baadhi yao walitoka India, wengine kwao ziwani, wengine ni watu wa hapa hapa Kericho. Nikainua macho. Rafiki yangu, mbao za paa lile zilishikana juu kule gizani kama vidole vya mtu anayeomba. Nilitafuta misumari nikakosa. Zilikuwa zimechongwa zikaingiana, ulimi ndani ya tundu, boriti kwa boriti. Shingo iliniuma na sikushusha kichwa. Shule ilijaribu miaka mitano kunifundisha kitu kimoja nikakataa, na pale nilijifunza kabla mvua haijaisha.

Kogo yeye alikuwa amesimama mbele ya dirisha. Lilikuwa la vioo vya rangi, na jua la baada ya mvua lilikuwa limeanza kulipiga, likamwaga rangi nyekundu kwenye uso wake. Kwenye kioo kulikuwa na mwanamke wa leso nyekundu akigonga mlango kwa ngumi, na ndani mkubwa mmoja wa kanzu akichungulia kwa uso wa mtu aliyeamshwa.

"Huyu amekosa nini?" Kogo akauliza.

"Hajakosa. Ni mjane. Alikuwa na kesi, na hakimu hakutaka kumsikiliza. Akamsumbua, akamsumbua, mpaka akachoka."

"Nani alichoka?"

"Hakimu."

Kogo akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tumzike babu, na sauti yake ikapanda kwenye zile mbao na kurudi.

Mwisho mzee akatufungulia nyumba ya mviringo. Katikati palikuwa na beseni la jiwe, kubwa, midomo yake imechongwa majani ya chai pande zote. Tukasikia: tik. Tukangoja. Tik. Tone lilikuwa linatoka juu kabisa, kwenye ncha ya paa, na kuanguka katikati ya beseni bila kukosea. Kogo akatazama juu lilikotoka tone, kisha akatoka nje, kwenye manyunyu, akasimama uwanjani ameinua kichwa. Kwenye mapaa mengine yote kulikuwa na msalaba. Juu ya lile la mviringo kulikuwa na kijiti kitupu cha mwerezi.

"Mwenye nyumba hii yuko hai," akasema.

"Umejuaje?"

"Kijiti."

Yule mzee akasimama kando yake. "Hata kwetu ziwani tunaweka. Tunaita osuri. Mwenyewe akifa, tunakivunja."

"Na mjane wake?"

"Mjane anangoja wanaume waamue."

"Kwenu pia."

"Kwetu pia, Mama."

Wakatazamana, kama watu waliogundua wameibiwa na mwizi mmoja. Kisha Kogo akauliza, "Kinavuja?"

"Tangu kilipowekwa. Wameleta lami, wameleta nta, kinavuja tu. Padri mmoja akasema kiacheni, maji yenyewe yanaanguka mahali pa maji."

"Na hakuna aliyesema king'olewe?"

"Kwa sababu ya tone?" Mzee akashangaa. "Mwenyewe si yuko."

Alasiri tulirudi ofisini, tukaambiwa turudi mwezi ujao. Nilidhani Kogo atalia. Hakulia. Juu ya lori la kurudi alikuwa anaongea peke yake: mwenyewe si yuko, mwenyewe si yuko.

Asubuhi akakata tawi la mzeituni wa porini, ule mti wetu wa baraka, akalimenya gome likawa jeupe kama mfupa. Akaniweka begani, akanisukuma juu ya paa. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza ya paa, na sijalipwa mpaka leo. Nikakichomeka pale pa zamani. Wachunaji waliokuwa njiani wakasimama. Mmoja akaita kutoka barabarani, "Kogo, tangu leo tukuite mzee?"

"Niite chakula kikiiva," Kogo akajibu.

Jua halijafika katikati mzee wa boma la juu akaja, na vijana wake nyuma.

"Nani amemfufua ndugu yangu?"

"Hakuna aliyefufuka. Mwenye nyumba ndiye huyu, anachemsha chai. Kaa."

"Hicho ni cha mwanamume, na unajua."

"Basi panda uking'oe." Kogo akaegemeza ngazi mwenyewe. "Cha ndugu yako ulikitoa kwa sababu alikuwa amekufa. Ukitoa hiki unasema mimi nimekufa. Panda useme, nikiwa nakuangalia, na watu hawa wakisikia."

Sijui kama wewe umelelewa na watu wa zamani. Kwetu, kumtangaza mtu aliye hai kuwa amekufa ni laana, na laana haimpati anayetangazwa. Inarudi kwa mdomo uliotoa. Yule mzee alikuwa mkali lakini hakuwa mjinga. Aliweka mkono kwenye ngazi. Akautoa. Akatazama kile kijiti cheupe, akamtazama Kogo, akatazama vijana wake ambao walikuwa ghafla wanachunguza vidole vya miguu yao.

"Chai ina sukari?" akauliza.

"Ina sukari."

Akakaa, akanywa kikombe kizima, akaenda. Kesho yake wachunaji wake hawakuja, wala kesho kutwa, na chai ya mtoni ikabaki kwetu. Mpaka leo ni yangu.

Nilipoanza kupata pesa ya ufundi, kitu cha kwanza nilichofanya ni kumjengea Kogo nyumba ya mabati. Nilimaliza, nikashuka, nikajipongeza. Kogo akatazama juu.

"Toboa."

"Kogo, bati halitobolewi. Litavuja."

"Litavuja wapi?"

"Katikati ya nyumba."

"Nitaweka sufuria."

Nikatoboa. Likavuja, na akaweka sufuria, na kwa miaka yote iliyobaki ya maisha yake tulikula ugali tukisikia tik, tik. Alilalamika kuhusu kelele tu. Aliniambia nimemnunulia mvua ya sokoni. Alipokufa, nilipanda mimi mwenyewe nikaking'oa kijiti chake, kwa sababu safari hii ilikuwa kweli. Wana wa boma la juu, wazee sasa, walisimama chini wakavua kofia. Hakuna mwanamke mwingine Boito aliyevuliwa kofia hivyo. Kisha nikaziba lile tundu, na bati hilo halikuvuja tena, na sikuweza kulala ndani.

Sasa unajua kwa nini nilikaa kwenye ngazi.

Mwenyekiti wa kamati ya kanisa ni mama mmoja mwalimu mstaafu, mtu wa heshima, na alinieleza bila kiburi. Kijiti kilikuwa kimeoza. Maji yalianza kuharibu vigae. Injinia wao amefunika, na sasa halivuji hata tone. Nilipanda kuangalia. Kazi ilikuwa safi. Ningeifanya hivyo hivyo.

"Kirudisheni," nikasema.

"Mzee Mabati." Aliniangalia juu ya miwani. "Vijiti vya kwenu Konoin yote nani amevimaliza? Niambie nyumba moja uliyoiezeka ukaacha kijiti."

Nilitafuta kichwani nikakosa. Hayo ni kweli na siyaonei haya. Nyasi zilikuwa na kunguni na moto, watu walitaka mabati, nikawapa.

"Hakuna," nikamwambia. "Na kesho nitauza mengine. Lakini zile ni nyumba za watu, Mwalimu, na watu hufa. Hii mlituambia mwenyewe hafi."

Akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu.

"Hatuna pesa ya hiyo kazi."

"Sikuomba pesa."

"Na kikivuja?"

"Mimi? Paa langu?" Nikacheka. Nikaweka dhamana mezani: kikivuja, pesa hiyo ni ya kanisa.

Binti yangu alinikasirikia sana. Alisema picha zake zitakuwa na mbao na kamba nyuma. Nikamwambia mbao zitatoka kwa wakati. "Na zisipotoka?" Nikamwambia basi zitakuwa ndani ya picha, na mwenye nyumba pia. Akampigia mama yake simu kunishtaki, na mama yake akasema, "Mimi nimeishi na huyo mtu. Agiza tu maua." Mwerezi niliutafuta mwenyewe, mti ulioanguka wenyewe. Mchongaji nilimpata Fort Ternan. Juu nilipanda mimi na umri wangu, fundi wangu amenishika mkanda, nikaziba shina lile kwa bati laini la madini ya risasi tabaka juu ya tabaka, kazi ambayo nikifa wanaweza kuandika kwenye kaburi langu. Jukwaa la mafundi lilishuka siku moja kabla ya harusi.

Mvua ilikuja keki ikikatwa. Ya Kericho hiyo, bila hodi. Tulikimbilia nyumba ya mviringo, maharusi, shemeji, mpiga picha, mwenyekiti na sahani yake. Watu wakawa wanacheka na kukung'uta nguo. Halafu, katikati ya kelele, nikasikia.

Tik.

Nilidhani ni masikio. Tik. Kwenye beseni, katikati, bila kukosea. Mwenyekiti akageuka polepole akanitazama juu ya miwani.

"Mzee Mabati. Inavuja."

"Nasikia," nikasema.

"Tumwite injinia?"

Binti yangu, na gauni lake jeupe lenye matope pindoni, alikuwa ameshanyoosha mkono juu ya beseni. Tone likaangukia kiganja chake. Hadithi ya Kogo alikuwa ameisikia tangu akinyonya, na siku zote alisema naipamba. "Kwa sababu ya tone?" akasema. "Mwenyewe si yuko."

Kimebaki pale. Ukitoka Boito mpaka Mogogosiek hutaona kingine. Nyumba za nyasi zimekwisha, na watoto wetu hawajui mvua inayonong'ona, wanajua ya sokoni tu, niliyowauzia mimi. Mzee wa funguo alizikwa kwao ziwani, na sijui kama kuna aliyepanda kumvunjia osuri. Kule klabuni wanaume wa rika langu wananicheka. Wanasema Mabati amezeeka, amenunua kijiti. Wananiuliza kilikuwa bei gani, kisha wanakonyezana. Siogopi kusema. Ukijumlisha mwerezi, mchongaji, jukwaa, vigae, risasi, na ile dhamana ambayo kanisa lilikaa nayo kwa haki kabisa, ni shilingi elfu mia mbili na kumi na nne, mia sita na hamsini.